Waya Tatu Zinatosha

Nahodha mmoja wa hapa Shumba, Pemba, aliniletea kifaa cha GPS alichokivua kwenye mashua yake ya uvuvi. Kioo kilikuwa kimekufa. Ukikiwasha unaona giza tupu. Kwa nyuma zilining'inia waya nne: mbili za umeme, na mbili zilizofungwa tepu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzitumia. Nilivua tepu, nikashika mita ya mshale, na mshale ukatikisika mara moja kila sekunde. Kifaa kilikuwa kinasema peke yake, sekunde kwa sekunde, kikitaja latitudo na longitudo ya baraza yangu.

Waya zile mbili ni laini ya siriali, yaani njia ya kupeleka habari biti moja baada ya nyingine. Ni ndugu wa damu wa laini ambayo kompyuta za ukubwa wa kabati, zile zilizoitwa minikompyuta, ziliitumia kuzungumza na binadamu katika miaka ya 1960 na 1970. Nakuandikia wewe fundi wa redio na simu, wewe kijana unayesoma kompyuta, wewe mwenye chombo baharini au mwenye kidhibiti cha sola chenye tundu usilolijua kazi yake. Nitapita kwenye mashine kongwe makusudi. Huko kila kitu kiko wazi, unakigusa kwa kidole, na ukishakielewa huko hakuna tundu la siriali litakalokutisha.

Ilikotoka

Kampuni ya DEC ya Massachusetts, Marekani, ilitoa PDP-8 mwaka 1965 na PDP-11 mwaka 1970. Mtumiaji alikaa mbele ya teletaipu, mara nyingi ASR-33, mashine ya kupiga chapa iliyoandika herufi 10 kwa sekunde kwa kishindo. Kati ya kompyuta na teletaipu palikuwa na kadi ya siriali. Kwa PDP-11 kadi mojawapo ya mapema iliitwa DL11 na ilikuwa na laini moja. Baadaye ikaja DZ11 yenye laini nane, na DLV11-J, kadi ndogo yenye laini nne, kwa mashine ndogo za ukoo huo.

Kazi ya kadi ni rahisi kueleza. Ndani ya kompyuta, biti za herufi moja husafiri pamoja, kila moja na njia yake. Nje kuna waya mmoja tu wa kwenda. Kadi huzipanga biti foleni na kuzitoa moja moja kwa mwendo uliopimwa, ikitanguliza biti ya kufungua na kumalizia na biti ya kufunga, ili upande wa pili ujue herufi imeanzia wapi. Kazi hiyo zamani ilihitaji bodi nzima ya transista. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliingia kwenye chipu moja yenye miguu 40, iitwayo UART, na mpaka leo UART imo ndani ya takriban kila chipu ndogo ya kudhibiti vifaa unayoikuta kwenye bodi.

Usizitafute kadi za DL11 kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Chake Chake au Wete. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kizazi hicho cha mashine kikatupita kwa sehemu kubwa. Nalitaja hili kwa masikitiko ya kweli, maana mafundi wa umri wa wazee wetu walinyimwa mashine nzuri kuliko zote za kujifunzia. Lakini mlango uko wazi sasa. Programu ya bure iitwayo SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik aliyewahi kufanya kazi DEC, inaiga PDP-11 nzima pamoja na kadi zake za siriali, na inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Nitarudi kwake.

Kwanza mita, baadaye waya

Tundu la siriali unalolikuta mara nyingi ni la pini 9 au pini 25, na kanuni yake ni RS-232. Ilitolewa Marekani mwaka 1960, na toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, ni la 1969. Pini ni nyingi, lakini kwa kazi zetu waya tatu zinatosha: wa kusema, wa kusikiliza, na wa ardhi.

Usiamini rangi za waya, wala usiamini kuwa dume ni kompyuta na jike ni kifaa. Pima. Weka mita kwenye DC volti 20. Washa kifaa bila kukiunganisha na chochote. Waya mweusi wa mita weka pini ya 5 ikiwa tundu ni la pini 9, au pini ya 7 ikiwa ni la pini 25; hiyo ndiyo ardhi. Waya mwekundu gusisha pini ya 2, kisha ya 3.

Moja kati ya hizo itaonyesha volti hasi, baina ya 5 na 12 hivi. Hiyo ndiyo pini inayosema. Wengi hushtuka kuona alama ya kutoa wakadhani wamegeuza waya za mita. Hapana. Katika RS-232 laini iliyotulia huwa hasi, na hupanda kuwa chanya pale tu inapotuma biti ya kufungua au biti ya sifuri. Pini nyingine, ile ya kusikiliza, itasoma karibu na sifuri kwa sababu inangoja kusemeshwa.

Fanya hivyo kwa vifaa vyote viwili, andika kwenye karatasi, halafu unganisha msemaji wa huku na msikilizaji wa kule, na wa kule na wa huku. Ardhi kwa ardhi. Ikiwa vyote viwili vinasema kwenye pini ya namba ileile, waya zitapishana. Ikiwa namba ni tofauti, zitakwenda sawasawa. Basi. Nimeona watu wakinunua kebo tatu kwa kubahatisha jambo ambalo mita inalimaliza kwa dakika moja.

Kuna vifaa vikaidi vinavyokataa kusema mpaka viruhusiwe na pini nyingine. Kwenye tundu la pini 9, unganisha ya 7 na ya 8 za tundu hilohilo, kisha ya 4, ya 6 na ya 1 pamoja. Kifaa kitadhani mwenzake yuko tayari.

Hapa ndipo vitu vinapoungua

Vile vibodi vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la USB vinavyouzwa kwa ajili ya kufufua ruta na ving'amuzi havifuati RS-232. Laini yake iliyotulia ni chanya, volti 3.3 au 5, na inaposhuka haipiti chini ya sifuri. Mantiki yake ni kinyume cha RS-232 na nguvu yake ni ndogo. Ukiiunganisha moja kwa moja na tundu linalotoa hasi 12, umeua kibodi, na pengine tundu la USB la laptopu pia. Pini za Raspberry Pi ni dhaifu zaidi: hazivumilii hata volti 5.

Dawa ni chipu ya MAX232 kwa vifaa vya volti 5, au MAX3232 kwa vifaa vya volti 3.3. Ndani yake mna pampu ya umeme inayotengeneza volti hasi kutokana na chanya, kwa msaada wa kapasita nne ndogo. Soma ubavuni mwa chipu kabla ya kuchagua kapasita: MAX232 ya kawaida inataka za mikrofaradi 1, ilhali MAX232A na MAX3232 zinatosheka na 0.1. Ukiweka ndogo kwenye chipu inayotaka kubwa, volti hasi italegea na mawasiliano yatakatika katika kebo ndefu. Kwa kebo yenyewe, mita 15 ndicho kipimo cha zamani cha RS-232. Ukitaka kwenda mbali, kutoka nyumbani mpaka kwenye pampu ya kisima kwa mfano, tumia RS-485, inayofika mpaka mita 1,200 kwa mwendo wa taratibu kwenye jozi ya waya zilizosokotwa.

Kabla hujaunganisha kifaa chochote kigeni, jaribu upande wako peke yake. Chukua kipande cha waya, unganisha pini ya 2 na ya 3 za tundu la laptopu yako, fungua programu ya siriali, kisha piga herufi. Ukiiona kwenye kioo, imetoka na kurudi: upande wako ni mzima. Ondoa waya, piga tena, isionekane. Ikionekana bila waya, programu yako inakuonyesha ulichopiga wewe mwenyewe, na jaribio lako halikuthibitisha kitu.

Mwendo na sura ya herufi

Pande zote mbili lazima zikubaliane mwendo, unaohesabiwa kwa baudi. Kwa baudi 9600 biti moja inadumu sehemu 104 hivi za milioni za sekunde. Herufi yenye biti 8, pamoja na ya kufungua na ya kufunga, ni biti 10, kwa hiyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Teletaipu ya ASR-33 ilikwenda baudi 110 na ilitumia biti 11 kwa herufi, ndipo zilipotoka zile herufi 10.

Mwendo ukikosewa utaona takataka tupu, kila herufi. Badilisha: 9600, 4800, 19200, 2400, 1200, 300. Mwendo ukiwa sahihi na pariti ikiwa mbaya, dalili ni nyingine kabisa, na inafaa kuijua kwa moyo. Vituo vingi vya zamani, yaani terminali, vinatuma biti 7 na pariti shufwa, yaani biti ya nane inawekwa ili idadi ya moja iwe shufwa kila mara. Wewe ukisikiliza kwa biti 8 bila pariti, herufi A na B zitafika salama, kwa sababu kila moja ina moja mbili tayari. C ina tatu, basi itafika imeharibika. Ukiona A na B nzima na C imevunjika, usiguse mwendo. Badilisha pariti.

Dalili ya tatu ni maandishi yanayofika sawasawa halafu mistari mingine inamezwa. Hapo msikilizaji amezidiwa. Vituo kama VT100 ya 1978 vilituma herufi ya kusimamisha, Ctrl-S, na ya kuendeleza, Ctrl-Q. Iwashe njia hiyo kwenye programu yako.

Kuongea na PDP-11

Sasa njoo kwenye SIMH, upande wa PDP-11. Kadi ya siriali ya mlangoni, ile ya kituo kikuu, inakaa kwenye anwani nne za kumbukumbu, zinazoandikwa kwa msingi wa nane: 177560 ni hali ya msikilizaji, 177562 ni herufi iliyofika, 177564 ni hali ya msemaji, na 177566 ndipo unapotia herufi ya kutuma. Hakuna amri maalumu ya kuandika kwenye kioo. Unatia namba kwenye anwani, na kadi inaisukuma nje kwenye waya. Mpaka leo sijaona muundo mnyofu kuliko huu.

Biti ya juu kabisa katika baiti ya hali inamaanisha "tayari". Programu hii ya namba kumi inangoja herufi ifike, inangoja msemaji awe tayari, kisha inarudisha herufi ileile ilikotoka. Kwenye SIMH andika neno deposit, anwani, kisha namba, mstari kwa mstari. Anza kwenye anwani 1000: 105737. Kwenye 1002: 177560. Kwenye 1004: 100375. Kwenye 1006: 105737. Kwenye 1010: 177564. Kwenye 1012: 100375. Kwenye 1014: 113737. Kwenye 1016: 177562. Kwenye 1020: 177566. Kwenye 1022: 000766. Kumbuka ni msingi wa nane, ndiyo maana baada ya 1006 inakuja 1010.

Andika go 1000, kisha piga herufi zozote. Zinarudi. Kusimamisha ni Ctrl-E. Namba tatu za kwanza ni kitanzi cha kungoja: pima hali ya msikilizaji, na kama biti ya juu haijawaka, rudi nyuma. Tatu za pili ni kitanzi kama hicho kwa msemaji. Tatu zinazofuata ni tendo moja la kuhamisha baiti kutoka kwa msikilizaji kwenda kwa msemaji, na ya mwisho inarudi mwanzo. Ifute namba ya mwisho, uweke 000000, uone inasimama baada ya herufi moja. Nakusihi ufanye hivi kabla ya kugusa kifaa cha mtu, maana ukishaona herufi ikipita kwenye anwani hizi nne, UART ya kifaa chochote utaisoma kwa jicho hilohilo.

Na ikitokea siku moja ukakutana na mashine halisi, tuseme umesafiri masomoni ukaikuta PDP-11/03 au 11/23 kwenye chumba cha makumbusho, jua kwamba mashine hizo hazina safu ya swichi za kuingizia namba. Zikisimama hutoa alama ya @ kwenye laini ya siriali na kungoja uandike anwani. Bila kadi ya siriali huna pa kuzishikia. Kwenye DLV11-J kila laini ina pini 10 katika safu mbili. Pini ya 3 inasema, ya 8 inasikiliza, ya 2, 5 na 9 ni ardhi. Pini ya 7 ni upande wa pili wa msikilizaji: lazima uiunge na ardhi, la sivyo kadi haitasikia kitu, na utalaumu kebo bure. Pini ya 10 ina volti 12. Iache wazi.

Teletaipu zenyewe hazikutumia volti za RS-232. Zilitumia mzunguko wa mkondo wa miliampea 20: mkondo ukipita ni moja, ukikatika ni sifuri. Upande mmoja tu ndio unaotoa umeme. Mwingine unafungua na kufunga njia. Ukiunganisha watoaji wawili umeharibu, ukiunganisha wasiotoa wawili pako kimya. Kwa umeme wa volti 12, rezista ya ohmu 470 hadi 560 pamoja na optokapla inakupa mkondo unaokaribia huo, na optokapla inatenga pande mbili zisigusane kwa umeme. Hilo la kutenga linanileta kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi hapa kwetu.

Ardhi ya Shumba

Huku kwetu Micheweni sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe. Mtaimbo wa ethi hauingii kirahisi, na ukiingia, mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa kebo ya baharini kutoka Tanga, na hali ni bora sana kuliko enzi za majenereta ya dizeli, lakini ethi ya nyumba yako ni shauri la nyumba yako. Kifaa kimoja kikiwa kimechomekwa ukutani na kingine kwenye inveta ya sola, maganda yake yanaweza kutofautiana kwa volti nyingi. Waya wa ardhi wa siriali utakuwa daraja la tofauti hiyo.

Mimi nilijifunza kwa kuunguza laptopu ya jamaa yangu. Kebo ilikuwa sahihi, pini sahihi, mwendo sahihi; nilipochomeka ikapiga cheche na tundu likafa. Tangu siku hiyo sichomeki kabla ya kuweka mita kwenye AC na kupima kati ya ganda la huku na ganda la kule. Nikiona zaidi ya volti mbili tatu nasimama. Mara ya kwanza daima laptopu inakuwa kwenye betri yake, chaja imechomolewa. Kwa kifaa kitakachokaa kimeunganishwa muda wote, weka kitenganishi chenye optokapla. Na wingu la masika au vuli likianza kunguruma, chomoa kebo ya siriali pamoja na ya umeme. Watu huchomoa ya umeme wakaisahau hii.

Chumvi nayo haina simile. Tundu lililo wazi karibu na bahari huota kutu ya kijani ndani ya misimu michache, na pini yenye kutu inapitisha kidogo kidogo, hitilafu inayokuja na kwenda. Piga mswaki kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana. Maungio ya waya ya kwenye chombo yalehemu, usisokote tu, na juu yake vaa mpira wa kusinyaa kwa moto.

Kifaa cha nahodha

Vyombo vya baharini hutumia kanuni ya NMEA 0183: baudi 4800, biti 8, bila pariti. Kwa kanuni ya sasa kuna waya mbili za kusema, A na B, zinazokwenda kinyume. Lakini vifaa vingi vidogo hutoa waya mmoja unaocheza kati ya sifuri na volti 5, kwa mantiki ya RS-232: ukitulia unakaa karibu na sifuri. Ndiyo maana mita yangu ilionyesha sifuri na mtikisiko kila sekunde, badala ya hasi 12. Tundu la kweli la RS-232 kwa kawaida huupokea waya huo bila shida. Kibodi cha USB cha volti 5, kikiunganishwa hivyohivyo, kinatoa takataka kwa mwendo wowote utakaochagua, kwa sababu moja na sifuri zimegeuka. Usikitupe, weka transista moja na rezista mbili kugeuza laini, au pitisha kwenye MAX232.

Niliunga waya wa kusema kwenye pini ya 2 ya tundu la laptopu, ardhi kwenye pini ya 5, nikaweka 4800. Mistari ikamiminika, kila mmoja ukianza na alama ya dola. Ule unaoanza $GPRMC ndio wa kuutazama kwanza. Baada ya saa inakuja herufi A ikiwa kifaa kimeshika satelaiti, au V ikiwa bado. Kisha latitudo: hapa kwetu huanza na 04, ambazo ni nyuzi, zikifuatiwa na dakika, halafu S. Kisha longitudo, 039 na dakika zake, halafu E. Baada ya nyota mwishoni kuna tarakimu mbili za kuhakiki. Zikikosa kulingana na mstari, mstari huo uache.

Nahodha alisoma 04 na 039 akatikisa kichwa, akasema ndiyo Shumba hii. Kifaa hakikupata kioo kipya. Kimefungwa kwenye kisanduku cha plastiki, waya wake umekwenda kwenye bodi ndogo yenye kioo cha mistari miwili, na anasoma hapo. Ndani ya kisanduku nilibandika karatasi: tarehe, rangi ya kila waya na kazi yake, baudi 4800, laini imegeuzwa kwa transista. Niliiandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hutawanyika kwa unyevu wa bahari, na fundi atakayekifungua baada yangu atahitaji kuisoma.